Posa Iliyopelekwa Mkahawani

Vingujini,
Msambweni.
Jumapili, 6 Oktoba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Twaiba,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na yule bibi unayemtunza huko Maskati. Vipi mgongo wako? Na lile joto, limepungua? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi hutabiri mvua zaidi kuliko redio, na hukosea vilevile kama redio.

Minazi imezaa vizuri. Yule mbuzi wako mweusi amezaa pacha, na kabla hujauliza: ndiyo, wote wako hai, na la, sijamla hata mmoja.

Utashangaa kuona barua badala ya sauti yangu kwenye simu. Jambo lenyewe halitaki kusikika nusu nusu, mtandao ukikatika kila nikifika penye uzito. Swabir wa jirani anarudi kazini huko, nikampa mkononi. Kaa kitako, uisome yote kabla hujalia au kunitukana.

Binti yako Mbeyu ameletewa posa, na posa hiyo imo hatarini. Sasa niache nianze mwanzo.

Kijana anaitwa Chirau, fundi wa mashine za boti, mtu wa Mkwiro. Mbeyu alimjua yeye na walimu wenzake walipopeleka watoto wa shule kutembea Wasini, boti ikazimika, akawa yeye ndiye aliyeitengeneza. Nimemchunguza kama nyanya ya sokoni, nikamgeuza huku na huku, sikuona penye kuoza. Wazazi wake wamekufa. Kalelewa na shangazi yake, Bi Chiku, na msemaji wa ukoo ni baba yake mkubwa, Mzee Mwero. Walinitumia salamu kwamba wana neno.

Na wewe wajua mambo yetu yalivyo tangu shemeji alipofariki. Mimi mjomba maneno ninayo, lakini walii wa Mbeyu ni kaka yake Chome. Jibu latoka kinywani mwake, na mkono wa bwana harusi utashikwa na yeye. Kwa hiyo nilitaka Chome awepo.

Nyumba yangu wakati huo haikuwa na paa, mafundi wameshusha makuti yote na wakaenda zao harusini. Wageni walikuwa na safari ya Ukunda. Nikawaambia tukutane Diani, kwenye mkahawa wa Chome. Nikwambie ukweli, nilitaka kujisifu kidogo pia. Nilitaka wakwe waione mashine ile ya kahawa inayong'aa, wajue hatukuokotwa ufukweni pamoja na mwani. Chome mwenyewe sikumwambia, maana posa haitajwi kabla ya wenyewe kuisema. Nilikusudia nimwite mezani, akae, asikie. Marehemu mama alizoea kusema kwamba akili zangu ni za kuazima, na kwamba nimechelewa kuzirudisha.

Mkahawa wa mwanao hujauona. Ni mzuri. Ukutani kumeandikwa majina ya kahawa, na sikujua hata moja. Kahawa inapimwa kwenye mizani kama dhahabu, na viti ni virefu, havina mgongo, ukikaa miguu inaning'inia kama ya mtoto anayenyolewa. Wazungu na vijana wa Nairobi wanaipenda, na wanaisifu mitandaoni. Ila tangu mtu mmoja aandike huko kwamba kahawa yake ina ladha ya maji ya mkaa, Chome amekuwa kama kuku aliyeona mwewe. Kila mteja anayeacha kikombe, yeye anaona ni tusi.

Basi tukaingia. Mzee Mwero na kofia yake ya kazi ya mkono, Bi Chiku na leso zake mpya, mimi na goti langu. Mhudumu ni dada wa Kikamba anayetoka mashamba ya Shimba Hills, jina lake Mumbe. Hana ubaya, lakini amefundishwa.

Nikaagiza chai, nizime wasiwasi.

"Mzee, chai hatunanga," akasema.

Bi Chiku akaomba kahawa yenye tangawizi. Mumbe akatazama nyuma kule jikoni, akateremsha sauti. "Bosi hakubali, mama. Hata sukari. Ukiweka sukari hutasikia ile ladha ya matunda."

"Matunda gani, mwanangu?" Bi Chiku akauliza. "Mimi nimeomba kahawa."

Meza ya pili wakacheka. Si kwa ubaya, labda, lakini walicheka. Mzee Mwero akavua kofia, akaivaa tena. Nikajitia kucheka nami, nikaagiza tatu za hivyo hivyo zilivyo.

Zikaletwa. Wageni wakashukuru, wakaziacha mezani.

Wewe huna haja ya kukumbushwa, lakini nakuandikia kwa kuwa hapo ndipo kisa kizima kilipojikwaa. Kwetu mposaji hagusi kinywaji mpaka apate neno. Kikombe hukaa mbele yake. Wenye binti wakimwambia "kunyweni," posa imepokewa. Wakikiondoa kikombe kikiwa kimejaa, ndilo jibu, na mgeni huaga bila kuuliza sababu.

Mzee Mwero akalitoa neno lake, kwa adabu na kwa ufupi, akataja jina la Mbeyu na jina la Chirau. Nikamwambia Mumbe aniitie Chome. Akajibu kwamba bosi yuko nyuma anakaanga kahawa, na akiwa kwenye moto haitwi. Tukakaa. Nikazungumzia mvua. Nikazungumzia barabara. Nikaishiwa, jambo ambalo hulijui kwangu. Vikombe viko palepale, mvuke umekwisha, na mimi nimekiinamia changu, sithubutu kukinywa wala kukisukuma.

Ndipo Chome akatoka, amevaa aproni. "Shikamoo mjomba," akanipa mkono. Wageni akawaitikia kwa kichwa tu. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufika mezani.

"Hawa wageni wako hawajaonja," akaniambia mimi, kana kwamba wao ni viti.

"Iache, Chome. Kaa kwanza, kuna maneno."

"Kahawa hii haingoji maneno, mjomba. Ikikaa inakufa." Kisha akawageukia, akatabasamu lile tabasamu la dukani ambalo hakulitoa kwako wala kwa baba yake. "Si kosa lenu. Si kila mtu ameizoea. Pale ng'ambo ya barabara kuna mzee wa kahawa ya mkaa, mtaipenda zaidi."

Akavichukua. Nikamshika pindo la aproni nikisema "Chome, ngoja," naye akadhani namzuia asihangaike. Akaviondoa vyote, vimejaa, kwa mikono yake mwenyewe. Walii.

Mzee Mwero alisimama polepole. "Tumesikia," akasema. Bi Chiku akafunga leso yake vizuri, akamwambia Mumbe ahsante. Chome peke yake hakuambiwa kwaheri. Niliwafuata hadi barabarani nikieleza, nikachechemea, nikaeleza tena.

Niliporudi ndani nilimwambia mwanao alichokifanya. Nilimwona akigeuka rangi. Akakaa kwenye kimoja cha vile viti vyake virefu na miguu yake nayo ikaning'inia.

"Mjomba, ningejuaje?" akasema. "Ungeniambia."

Alikuwa na haki yake, na nilimwambia hivyo. Lakini kila nilipomtaka twende tukaombe radhi, alirudi palepale: ataomba radhi kwa kutowajua, hataomba radhi kwa kuondoa kikombe, maana kila duka lina taratibu zake na yeye amejenga jina lake kwa hizo. Tukajibizana mpaka wateja wakahama meza.

Nikatuma ujumbe Mkwiro, kwamba kijana hakuwajua, kwamba angewajua angewatandikia zulia. Bi Chiku akanijibu kwa simu, sauti tulivu kama maji ya kisimani. "Hilo twalijua, Bwana Chande. Angetujua angetukirimu. Sisi twampeleka mtoto wetu kwenye ukoo, twataka kujua jinsi mnavyomtendea msiyemjua." Nilibaki nimeshika simu hata baada ya yeye kukata.

Mbeyu aliposikia hakulia mbele yangu. Alikwenda Diani, akaingia dukani, akasimama kwenye foleni kama mteja. Zamu yake ilipofika akamwambia kaka yake, "Wewe una wateja wengi, kaka. Mimi nilikuwa na mmoja." Akatoka. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Yule msichana mwenye kicheko cha kuamsha jirani akawa anakuja kwangu, anafua nguo zangu ambazo tayari zilikuwa safi, anaondoka.

Ilikuwa foleni hiyo, nadhani, iliyomvunja Chome, kuliko maneno yangu yote. Alikuja hapa asubuhi, hana aproni. "Twende," akasema. Hakuongeza neno, nami kwa mara moja maishani sikuongeza.

Tulivuka kwa boti kutoka Shimoni hadi Mkwiro. Kwa Bi Chiku tukapiga hodi, tukakaribishwa barazani, si ndani. Mzee Mwero alikuwapo, akatuitikia salamu, akaendelea kushona nyavu. Tukakaa. Watu walipita wakatutazama. Hakuna aliyetuletea hata maji, na goti langu likaanza kutabiri mvua ambayo haikuwa mbinguni. Chome alitaka kusema, nikamkanyaga mguu. Hapo si dukani kwake, na zamu yetu ilikuwa haijafika.

Mwishowe Bi Chiku akatoka na kahawa. Kahawa ya tangawizi, na sukari niliiona kwa macho, imekaa chini kama mchanga. Akaweka kikombe mbele ya Chome, kingine mbele yangu, akakaa.

Chome akasema neno lake. Hakulipamba. "Niliwadharau. Hata mngekuwa si wakwe, niliwadharau. Nimekuja kwa hilo, na nimekuja kumwombea dada yangu." Kikombe kilikuwa mbele yake, hakukigusa. Mwombaji sasa alikuwa yeye.

Mzee Mwero alikata uzi kwa meno, akafunga fundo. Nikaona jasho shingoni mwa mwanao. Macho yake yalikuwa juu ya kile kikombe, Twaiba, kama mtu anayelinda mtoto asianguke kitandani. Bi Chiku akanyoosha mkono, akakishika kwenye ukingo wake. Akakiinua kidogo. Chome akafumba macho.

"Imepoa," akasema Bi Chiku. Akakirudisha, akakisogeza karibu na mkono wa Chome. "Kunywa hivyohivyo."

Akainywa yote, na ile sukari ya chini. Mimi nilipaliwa na yangu, kama ujuavyo.

Lakini usishangilie bado, maana hapa ndipo unapoingia wewe. Bi Chiku alituambia kwamba radhi wameipokea. Posa ni jambo jingine. Ile ya kwanza iliondolewa mezani, na hawatairudia kwa mjomba mjanja wala kwa kaka mwenye duka. Wataileta mara moja tu, nyumbani kwako, mbele yako wewe. "Nyumba ile imekosa mwenyewe," akasema. "Watoto wazuri, kila mmoja anajilea. Twataka kumwona mama yao, na twataka yeye ndiye atuambie tunywe." Kabla ya Ramadhani, maana Chirau ameitwa kazi Lamu na hatangoja zaidi ya hapo.

Nikasema tukupigie simu, wakuone kwenye kioo. Nikasema nitakusemea mimi. Nilisema mengi, wanijua. Mzee Mwero akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nataka kahawa nyingine.

Najua huyo bibi hapendi uondoke. Najua kila mwaka unasema mwaka ujao, nami kila mwaka nakutania kwamba utarudi ukitukuta sote tuna mvi, na tayari tunazo. Safari hii sitanii. Chome ameahidi kutafuta tiketi, hilo lisikuzuie. Ameanza kuamkia wateja wake kwanza kabla ya kutazama vikombe vyao. Sukari bado hakuna mezani, tusiombe miujiza miwili kwa pamoja. Na mtu na dada yake wanasalimiana, kwa unyonge, kama wageni kwenye kituo cha gari.

Mbeyu hajui kama nakuandikia. Nilimwambia akuombe mwenyewe, akakataa. Alisema aliwahi kukuomba urudi, siku ya mahafali yake, ukalia kwenye simu mpaka akajuta, na hataki kukuliza tena kwa ajili yake. Atamwacha Chirau aende, akasema, na akaendelea kuanika shati langu. Kwa hiyo nakuomba mimi. Njoo, Twaiba. Nyumba yako nitaifagia, paa lake ni zima kuliko langu.

Wanakusalimu Chome, na Mumbe ambaye hujamjua lakini anataka akujue, na Swabir atakayekupa barua hii, usimwache aende na njaa. Nisalimie na huyo bibi, umwambie kaka yako anamwombea afya, na anamwomba ruhusa.

Mwenyezi Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, na akufungulie njia ya kuja kwenu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Chande.