Pazia la Nyumba ya Mama

Mtaa wa Birch, Toledo
14 Oktoba

Dada Verlene,

Huku sote wazima. Chama cha mtaa kimepanda miti sita na kupaka rangi mbao zilizoziba madirisha ya nyumba tupu, ili mtaa usionekane umehamwa. Kwenye dirisha la sebule ya Mama, Mzee Stanek alichora pazia lililofungwa.

Jumamosi tulilikuta limefunguka. Nilipima pengo: inchi nne.

"Stanek, umeanza kuchungulia nyumba za watu?" jirani yetu Bi Hattie akamtania.

"Wewe mama, mimi nililichora limefungwa! Muulize Orville, ndiye aliyenishikia ngazi."

Ni kweli, nilimshikia.

Manispaa wataibomoa nyumba ya Mama Alhamisi, kwa kuwa ulisaini kibali. Sikulaumu. Lakini Mama alikaa dirishani pale miaka tisa akikungoja, mpaka tukamzika, kwa hiyo nakueleza lililofuata.

Tuliubandua ubao. Upande wa ndani, ambao hakuna aliyeupaka, umechorwa mtaa wetu kama unavyoonekana kutoka kwenye kiti cha Mama. Miti sita mipya imo. Mbele ya nyumba limeegeshwa gari jekundu, mlango wa dereva uko wazi. Rangi ilikuwa bado mbichi. Stanek alikusanya brashi zake akaenda kwake bila kuaga.

Hapa mtaani hakuna mwenye gari jekundu. Wewe sijui unaendesha gari gani siku hizi. Kama ni jekundu, njoo kabla ya Alhamisi, na usiingie ndani peke yako.

Mdogo wako,
Orville