Gari Siuzi, Kaka

Nyumba ya nyuma ya bohari ya mbao,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Goti bado linakusumbua, au limekubali dawa? Wifi na watoto hawajambo? Huku tunapumua. Bonge wangu ameota jino jingine na analifanyia majaribio begani kwangu. Usingizi mimi nausikia kwa watu tu.

Simu yako ya juzi niliikata haraka kwa sababu mtoto alikuwa analia, si kwa hasira. Hasira ilikuja baadaye. Unasema gari ulilonipa nimwachie shemeji yangu aliuze, maana limechoka. Kaka, aliyechoka hapa namjua, na si gari.

Zamu yangu kwenye kiwanda cha mikate inaanza kabla hakujapambazuka. Namfunika Bonge blanketi mbili, nampeleka kwa mama mkwe, na njia nzima hita inatupulizia baridi. Kioo cha mbele kinaingia ukungu, nakifuta kwa nepi huku naendesha. Kifua chake kimeanza kukoroma tena, na daktari amenionya kwamba baridi hii ikiendelea atalazwa. Bila gari, ni mgongoni kwangu, kwenye umande. Ndiyo maana sikukuambia "sawa".

Kuhusu hita, shemeji alidai maji ya injini yamepungua. Tukasubiri injini ipoe, tukafungua rejeta: yamejaa pomoni. Fundi wa kwanza akasingizia feni ya hita, na feni inavuma vizuri tu. Jana nikalipeleka kwa fundi mmoja karibu na kazini, wanamwita Miwani. Kwanza hakugusa kitu. Alikaa kando yangu tukazunguka mtaa, macho kwenye mshale wa joto. Haukupanda. Tuliporudi akafungua boneti, akalegeza skrubu mbili tatu, akacheka.

"Mama Bonge, gari yako imevuliwa koti."

Thamostati, Kaka. Kile kizibo kinachozuia maji yasikimbilie rejeta mpaka injini ipate moto. Hakimo. Mtu alikitoa, na maji yasipopata moto hita haina cha kupuliza ila baridi.

"Ni adui gani huyo?" nikauliza.

"Wala si adui. Ni mtu wa nchi ya joto. Injini ikichemka anakitoa, anajiona amemaliza kazi."

Hapo nikakuona kabisa, huko nyumbani kwenye joto: kaptula, spana mkononi, unamtambia Baba kwamba gari halitachemka tena. Kweli, halikuchemka. Na mwanangu je?

Miwani amefunga kipya. Leo alfajiri, kabla hatujafika kwa mama mkwe, Bonge alikuwa ameshapiga mateke blanketi zote mbili, amelala miguu wazi. Nilisimama kando ya barabara nikamtazama tu. Nilichelewa kazini, na sijutii.

Basi gari siuzi, na shemeji nimeshamwambia.

Nisalimie Wifi, Shangazi Mrefu na wale mapacha. Mungu awatunze, na goti lako alirudishie nguvu upate kuja kututembelea. Kitanda kipo. Ila ukifika, boneti usiiguse.

Mdogo wako anayekupenda hata akikufokea,
Kifaranga