Uliponuka Kitunguu Swaumu

Mama Tumaini,

Leo ukungu umeshuka kutoka milima ya Matogoro mpaka mlangoni kwetu. Nyumba yenyewe inaelea, hata mimi niliyemo ndani siioni vizuri. Nimeona nikuandikie kabla ukungu haujaondoka.

Unaikumbuka ile dawa ya sainasi? Miaka yote ulipumulia mdomo, kichwa kinagonga, ukiinama kufagia unashika ukuta. Wakaja madaktari wanatafuta watu wa kujaribu dawa ya maji, kitu cha kuyeyushia vitu huko viwandani. Walitaka kujua kama kinapunguza uvimbe wa ndani ya pua. Nikakucheka. "Yaani thina! Si ungeniambia mimi, ninayo dumu zima karakana, nachanganyia vanishi." Ukanijibu, "Yako pakia makabati, baba."

Pua yako ikafunguka. Ukasimama uani mvua ndiyo inaanza, ukaniita kama umeona mgeni: "Njoo unuse udongo!" Halafu ukaweka kichwa kifuani kwangu, ukacheka. "Kumbe mume wangu unanuka vanishi namna hii." Hukuondoka. Ulilala hapohapo.

Aliyeondoka ni mimi. Dawa ile ilikupa harufu ya kitunguu swaumu, mdomoni, kwenye ngozi, mpaka kwenye shuka. Nesi wao alishatuambia itakuwa hivyo. Nikahamia kwenye kochi sebuleni, nikasema kitanda kinaniumiza mgongo. Mgongo haukuwa unauma, mke wangu. Nilikudanganya.

Baadaye ukasema, "Wamemaliza utafiti wao. Rudi ulale." Nikarudi, tena nimefurahi. Kichwa kikaanza kukugonga upya, na sikuuliza kitu.

Ulipoondoka ghafla, moyo tu umesimama, yule nesi alikuja msibani. Akasema utafiti bado unaendelea, jibu lenyewe hawajalipata. "Mama alijitoa mwenyewe. Alisema mzee halali kwa harufu." Nilikuwa nimeshika sahani ya ugali. Sijui nani aliitoa mkononi mwangu.

Siku hizi nakuota unapita uani, mvua haikulowanishi. Nikiamka, vanishi tu. Nimepanda swaumu chini ya dirisha letu. Tumaini anasema, "Baba, tutakula swaumu tupu mwaka huu?" Punje moja naiweka chini ya mto. Harufu yake inakaribia, lakini siyo. Yako ilikuwa na joto.

Msalaba wako nimeuchonga mwenyewe. Wenzangu wa karakana wananisema, fundi vanishi mzima, mke wake ana msalaba haujapakwa kitu! Waache. Mvua ikinyesha unanuka mti, na udongo.

Nisamehe. Lile kochi nimempa jirani. Nalala kitandani, upande wangu wa ukutani, wako uko wazi. Pumzika, mama. Na ukija ndotoni, njoo na harufu yako yote.

Sihami tena.

Mimi,
Baba Tumaini