Fukusi wa Baba

Kasulu, 14 Agosti 1977

Kaka yangu Bazilio,

Pole na kazi ya mkonge huko Tanga. Sisi ni wazima, maharage yamekubali, na jana Baba alicheza mbele ya wageni waliokuja kutupongeza mpaka kofia ikamdondoka.

Nikueleze sababu. Unakumbuka alivyofukuzwa kazi kituo cha kilimo. Kila mwezi alikuwa akihesabu fukusi, wale wadudu watoboao maharage, waliofungiwa kwenye makopo ya maharage, na hesabu zake zilirukaruka: arobaini, mia tatu, kumi na wawili. Mkuu wake akamwambia, "Mzee Melkiadi, unatunga." Nawe ukaamini, ukaondoka bila kuaga.

Mwaka huu chuoni tumesoma hisabati ya jinsi viumbe wanavyoongezeka. Nikachukua daftari la Baba lenye hesabu zile, nikaandika kanuni moja fupi: fukusi wakizidi, chakula kinaisha, wengi wanakufa; wachache waliobaki wanashiba, wanazaana tena. Nilipoikokotoa, namba zangu nazo zikaruka kama zake! Mwalimu wangu alisoma, akapiga meza. "Huyu mzee alihesabu kwa uaminifu."

Kaka, nimepewa nafasi ya utafiti huko huko chuoni, miaka mitatu, na mshahara juu! Na kituo, baada ya mwalimu kuwapelekea kazi yangu, kimemwandikia Baba kumwomba radhi. Nilimsomea barua hiyo mara mbili kabla wageni hawajafika. Akauliza, "Bazilio amesikia?"

"Bado, Baba."

"Basi mwandikie. Mwambie sina kinyongo. Aje tu."

Mdogo wako anayekungoja,
Immakulata