Mboga Zako Tulizila Msibani

Basi Mzee Ngasa akalikata. Ndiyo, lile godoro jipya, alilikata na panga katikati, nusu akampa mke mkubwa, nusu mke mdogo, eti asionekane ana upendeleo. Ndipo nilipokuwa nimefikia siku ile hospitalini Bariadi, nesi akaja akasema muda wa kuona wagonjwa umeisha. Wewe ukashika mbavu maana kucheka kulikuwa kunakuumiza, ukaniambia, "Mama Masanja, utanimalizia kesho." Nikaenda zangu. Asubuhi nikaja na uji, nesi yule yule akauangalia ule uji, halafu akaangalia chini.

Sasa nakumalizia, sitaki ukae huko bila kujua. Wale wanawake kila mmoja alilala kwenye nusu yake, miguu ikawa inabaki kwenye udongo, sponji likawa linachambuka kule lilikokatwa, kuku wanadonoa. Wakavumilia, wakashindwa. Wakakaa chini wote wawili, wakazishona zile nusu na sindano ya magunia, wakawa wanalala wao kwa wao, mzee wakamrudishia ngozi yake ya ng'ombe akalalie. Dutwa nzima wanacheka. Ndiyo pesa za pamba za siku hizi, Nyamizi. Wanunuzi binafsi wanakuja na lori na mzani wao, wanalipa hapo hapo, hakuna tena kungoja chama cha ushirika mpaka umesahau kama ulilima. Na mtu anarudi kwake na godoro ambalo hajui ataliweka wapi.

Umeona, nimecheka peke yangu hapa. Halafu nikanyamaza nikasikiliza.

Naandika na kalamu ya Masanja. Mwandiko wangu unaujua, ule ule wa darasa la ngumbaru, tulikaa benchi moja mimi na wewe, mwalimu akawa ananihamisha kwa ajili ya kelele. Wewe uliandikaga kimya, mimi naandika huku nasema. Hata sasa hivi nasema. Mume wangu amepita hapa akauliza, unaongea na nani, nikamwambia na Nyamizi. Akaenda zake zizini.

Shida yangu ni kwamba habari zinanijaa. Nazisikia kisimani, nazisikia kwenye mashine ya kusaga, nikifika nyumbani nageuza njia kuja kwako, nafika kwenye ua wa minyaa ndiyo nakumbuka. Wengine wapo, lakini wao ukiwaambia neno kabla hujageuka limeshafika Lalago. Wewe nilikuwa nakwambia, unaguna, unaendelea kuchambua mboga, na neno linaishia hapo. Nilikuwa nawaambia watu, siri zangu Nyamizi atakufa nazo. Na kweli umekufa nazo zote.

Nikwambie ya msiba wako, maana hukuyaona.

Tulikuosha mimi na wifi yako mkubwa. Nikakupaka mafuta mpaka visigino, ile mipasuko yako ya kukanyaga mchanga wa mtoni imejaa, nikaijaza mafuta moja moja. Nilikuwa nakusemesha. Wifi yako akaniambia, "Mama Masanja, maiti haisemeshwi." Nikamwambia mbona hata alipokuwa mzima alikuwaga hanijibu. Wakacheka wale wanawake mle ndani, wanacheka huku wanalia, na mimi hivyo hivyo.

Nilipotoka nje jua limeshapinda na watu wanakula. Unajua kiangazi chetu. Mto umebaki mchanga, majani yamekuwa rangi ya ng'ombe, kila nyumba ugali na majani ya kunde yaliyokaushwa, yale yale. Kijani kilikuwa kwako tu, kule kando ya mto, nyuma ya boma la miiba. Basi wale wifi zako kutoka Lalago waliokuja kupika wakaona kijani, wageni ni wengi, wakachukua vikapu wakaingia. Siwalaumu. Marehemu mboga ni zake, msiba ni wake, sasa wakapike za nani?

Ila hawakujua habari ya kitambaa. Wewe kila tuta ulikuwa unachagua mchicha ule wa kwanza, ule ulionenepa mguu, unaufunga kipande cha kanga iliyochakaa, basi huo ni wa mbegu, hakuna mkono wa kugusa. Hata mimi uliwahi kunipiga kofi kwenye vidole, nikacheka siku nzima. Wao wameona kitambaa, wakadhani ni uchafu umepeperuka. Waling'oa yote. Nilikuta vile vitambaa kwenye majivu, pamoja na mizizi.

Na nilikula, Nyamizi. Njaa ilikuwa imenishika, nisikudanganye. Nikamega tonge nikachovya. Ilikuwa tamu. Watu wananiona nalia wakafikiri nalilia jeneza, kumbe nalia kwa sababu ile mboga ilikuwa tamu na mtu wa kumwambia yuko ndani amelala.

Limbu hakula. Mtoto wako alikuwa amesimama pale kwenye lango la miiba tangu walipoingia, anataka kuwaambia, anasema, "Shangazi, hiyo ya mbegu," wakamwambia watoto wakae pembeni, watu wana kazi. Tangu hapo akafunga mdomo. Ulimwacha ni msichana wa la saba, anaimba akitwanga, tukarudi kutoka kaburini tukamkuta mtu mwingine. Ugali anakula na maziwa ya mgando, mboga ya majani haigusi. Anakaa jikoni anaangalia ukuta. Mimi nilimsemesha mpaka taya zikauma. Nilimpa habari zote za Dutwa, hata ya godoro. Hata hakutabasamu.

Baba yake akaona hii ni hatari. Yeye ni mtu wa ng'ombe, unamjua mumeo. Ng'ombe akinyong'onyea unamhamisha malisho. Akatuma neno Lalago kwa dada yake: mkimaliza kuuza pamba, njooni mumchukue Limbu akae kwenu, labda atachangamka. Na Lalago ni kwa wale wale walioingia na vikapu.

Nikasema lazima nifanye kitu, na kitu ninachokijua ni kimoja, kusema, na kusema kumeshindwa. Basi nikaenda bustanini kwako.

Ulikuwa umekufa kabisa, ule uwanja. Mbuzi walishaingia, kisima cha mchangani kimejifukia, matuta yamekuwa magumu kama barabara. Kibuyu chako cha mbegu nilikishusha pale juu ya jiko lako, nikakikung'uta kwenye ungo, majivu matupu. Ulishazipanda zote, ukisubiri zile za kitambaa. Nikasema sasa huu mchicha wa mama yako wa Ipililo, uliokuja nao kwenye ndoo siku unaolewa, ndiyo umeishia tumboni mwa waombolezaji. Dukani zipo siku hizi, mbegu za kopo, zina picha ya mboga nzuri mpaka unataka kulilamba lile kopo. Nilishika nikarudisha. Siyo ya Ipililo.

Ndipo nikamkumbuka Mama Sayi, yule anayechoma mahindi na kuuza chai pale Dutwa mabasi yanaposimama. Uliwahi kumpa mbegu. Nikaondoka asubuhi kwa miguu. Nikamkuta ana wateja, nikamweleza. Hakuuliza maswali, akaingia ndani akatoka na fundo dogo la kitambaa, akaniwekea mkononi akanifunga vidole. Na mimi wabeja imeshafika kwenye ulimi, nikaimeza. Maana ulitufundisha kwamba mbegu haishukuriwi, ukishukuru haioti. Nikabana midomo. Yule mwanamke akaniangalia akasema, "Leo Mama Masanja kakosa neno? Basi kweli Nyamizi hatunaye." Tukalia pale pale, watu wa basi wanatuchungulia madirishani na mahindi yao.

Sasa kupanda. Kupanda ulikuwaga unapanda wewe, mimi kazi yangu ndoo na maneno. Unasemaga, "Punguza maneno, ongeza maji." Miaka yote hiyo nilikuwa nakuangalia mkono bila kuuona. Nikasomba samadi kutoka zizini, nikavunja udongo, nikazinyunyiza mbegu kama natia chumvi kwenye mchuzi. Nikafukua kisima, kikaniangukia, nikafukua tena. Asubuhi na jioni naenda na ndoo. Majirani wanapita wananiambia, "Mama Masanja umeanza kulima kwa watu, kwako kumeisha?" Nikawa siwajibu. Wakaogopa, wakafikiri naumwa.

Zikaota. Nyamizi, zikaota zote mahali pamoja kama manyoya ya paka. Nzuri kuangalia, lakini hata mimi nikaona hapa pana kosa, zinagombania. Nikawa nimechuchumaa nazitazama, nashindwa nianzie wapi. Nikasikia miiba inasogezwa. Limbu.

Nikafanya kitu ambacho usingeamini. Nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka nikaanza kutoka jasho. Yeye akaja akachuchumaa upande wa pili wa tuta, akatazama, akasema, "Mama Masanja, umezibana." Basi. Akaanza kuzipunguza, anashika kamoja kwa vidole viwili pale chini kabisa, anakavuta na kaudongo kake, anakahamishia tuta la pembeni, anakagandamiza na kidole gumba. Ni mkono wako ule. Kidole gumba kinavyopinda, ni chako. Nikamwambia nakwenda haja, nikaenda nyuma ya minyaa nikajifunika kitenge usoni nikalia mpaka kikalowa.

Tangu siku ile tunakutana pale kabla jua halijawa kali. Yeye anaingia kisimani anachota na kopo, mimi napokea ndoo. Hasemi sana. Anasema hapa bado, anasema hapa basi. Juzi niliteleza na ndoo nikakaa kwenye matope, akacheka kwa pua. Nilitaka kuanguka tena makusudi.

Nikaenda kwa shemeji, baba Limbu, nikamwambia mwache mtoto, ameshashika ndoo. Akasema, "Neno limeshafika kwa dada yangu, nitalirudishaje? Na huyu mtoto mbele yangu bado ni jiwe." Nikamwambia, shemeji, hata mama yake alikuwa hasemi, na ulimtolea ng'ombe wa mahari. Hakukonda kwa njaa mumeo, amekonda kwa kukukosa, sema wanaume wa kwetu hawajui huzuni waiweke wapi. Akasema, "Nitamuuliza mwenyewe mbele ya wageni. Akisema anabaki, atabaki. Akinyamaza, anakwenda."

Na wewe unajua mwanao. Kwa watu wa Lalago, baada ya vile vikapu, atafungua mdomo?

Mume wa shangazi yake alifika jana na baiskeli. Asubuhi hii wamekaa uani kwako, wanaume kwenye viti, Limbu amepiga magoti. Mimi sikuitwa, na nimejizuia kwenda bila kuitwa, ndiyo maana naandika. Nimekaa jikoni kwangu nawaona kwenye pengo la minyaa. Mfuko wake umeshafungwa kwenye keria na mpira. Gauni la mtumba ulilomnunulia linatokeza kwa juu.

Akienda, Nyamizi, nisikie: nitamwagilia peke yangu. Nitachagua wa kwanza kwenye kila tuta nifunge kitambaa, na mbegu zikikauka nitazipeleka Lalago kwa miguu yangu, nimwekee mkononi nimfunge vidole, na nitanyamaza njia nzima kurudi. Na akibaki, nitamlea kama wangu, lakini kusema sitamfundisha, asije akawa kama mimi. Hilo nakuahidi. Na habari nitaendelea kukuletea, uwe unasikia au husikii, maana kwangu zinaoza.

Nimekukosa, mwenzangu. Nacheka na watu, wanasema Mama Masanja amesahau. Sijasahau. Nikilala ndiyo ile asubuhi ya uji inarudi, uji bado wa moto, na mimi nimeushika sijui niuweke wapi.

Ngoja, wamesimama. Yule mume wa shangazi ameshika keria. Sijui anakaza sijui anafungua, minyaa inanizuia. Baba Limbu amevua kofia.

Mfuko uko chini. Wameushusha, Nyamizi, uko chini kwenye vumbi, na mtoto simwoni.

Namsikia. Yuko kule mtoni, anaita kwa sauti mpaka mbwa wangu wamenyanyuka. Anasema, "Mama Masanja, jua linapanda, unaongea na nani huko? Kisima kimejifukia, leta jembe." Kwaheri mwenzangu, lala, ananiita tena, nakwenda.