Sahihi Ukutani kwa Mama Gu

Deok-su, naapa kwa kaburi la mama, leo sitii chumvi hata punje.

Mjukuu wangu Seo-yul aliniomba niwatembeze mashabiki wenzake kila mahali bendi waipendayo ilipopigia video, na kuwaonjesha vyakula vya kila mtaa. Kwa magoti haya?

Nikawapeleka kwa Mama Gu tu, muuza tambi jirani yangu. Nikawaonyesha sahihi ukutani: "Mwimbaji wenu alikula hapa miaka kumi iliyopita!"

Wakalia machozi. Mmoja akaigusa.

Kidole kikatoka cheusi. CHEUSI, Deok-su!

"Babu, wino wa miaka kumi haujakauka?"

Mama Gu naye akadakia: "Kumbe ndiyo maana asubuhi uliazima kalamu yangu!"

Sasa niko kwenye ngazi za mlima Namsan. Nimebebeshwa mikoba yao yote mitano, na bado vituo sita.