Neno "Anadaiwa" Likifika Kwenu

Kaka Masunga,

Nakuandikia nimefunga mlango kwa komeo, na jua la Bariadi bado linawaka. Ninaogopa. Tangu tukuzike, watu wa kijijini kwenu wanasema si homa iliyokuua. Wanasema umerogwa, na aliyekuroga ni mama yako. Mayu, mama wa watu! Eti macho yake mekundu. Maisha yake yote anapikia samadi kavu, moshi wote ule, macho yangekuwaje?

Juzi waliipiga mawe nyumba yake. Nimemleta hapa kwangu, ila hataki kukaa. Anasema ng'ombe wako hawana wa kuwachunga.

Mhariri wetu amenipigia simu posta. Unamjua, tangu magazeti ya watu binafsi yawe mengi anataka mwanzo wa habari unaochoma. Huu amenitungia mwenyewe: "Kikongwe mmoja wa Bariadi anadaiwa kumroga hadi kufa mwanawe, mwandishi wa habari." Nikamwambia ni uongo. Akajibu, "Dada, ndiyo maana tumeweka 'anadaiwa'." Nisipoandika mimi, atamtuma mwingine.

Ungecheka, halafu ungenuna. Unakumbuka gazeti linavyosomwa kwa muuza chai pale kwenu, likishushwa kwenye basi? Mmoja anasoma, mwingine anawageuzia wazee Kisukuma. Siku ile ya kijana aliyedaiwa kuiba ng'ombe, neno "anadaiwa" lilidondoka njiani, akabaki mwizi tu. Ukanishika mkono. "Minza, umesikia? Wengi wanasikia mstari wa kwanza, basi, wanaanza kubishana."

Safari hii litabaki neno moja tu, nogi. Mchawi. Na mapanga wanayo, kaka.

Asubuhi nzima nimeandika na kuchana. Nilianza na "Wananchi wametakiwa kuachana na imani potofu," ule mwanzo uliokuwa ukiuita dawa ya usingizi. Nikachana. Nikaficha jina lake, nikaona hakuna mkubwa wa wilaya atakayeshtuka kwa ajili ya "mkazi mmoja." Nikaogopa kulitaja, nisije nikawaonyesha mlango wake. Lakini mlango wanaujua. Wote wanaujua, tumekula nao matanga!

"Anza na mtu, na anachofanya." Ulinichosha na maneno hayo. Basi nimeandika hivi, nikamsomea jirani, naye akanirudishia kwa Kisukuma bila kudondosha kitu:

"Mama Mbula alimuuguza mwanawe mpaka akamfia mikononi, sasa majirani wanataka kumuua."

Jina langu litakaa juu ya mstari huo, na mimi sina pa kukimbilia, naishi hapa hapa. Mhariri akiubadilisha, nitasimama mwenyewe kwa muuza chai niwaambie kwa Kisukuma, wanifanye watakavyo.

Pumzika, kaka yangu. Wabeja, asante kwa yote uliyonifundisha. Kesho nikishautuma, Mayu anarudi kwenu kwa ng'ombe wako, na mimi naenda kulala naye nyumba moja.

Minza